Futi Tatu za Mkanda: Kazi ya Toshiro Mifune

Mwenyekiti wetu, walimu wa sanaa, ndugu waigizaji na waongozaji, nanyi mliokuja kwa sababu tu mnapenda picha, habari za jioni.

Tunamzungumzia Toshiro Mifune, mwigizaji wa Kijapani aliyezaliwa tarehe 1 Aprili 1920 na kufariki tarehe 24 Desemba 1997. Alicheza katika filamu zaidi ya 150. Tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ya tamasha la Venice aliichukua mara mbili, mwaka 1961 na mwaka 1965. Wengi wakisikia jina lake hukumbuka upanga, ndevu na sauti ya kunguruma, kisha husema: huyu alikuwa mtu wa hasira, basi wakamwekea kamera. Dhana hiyo imewapotosha waigizaji wengi vijana, na ndiyo ninayotaka kuing'oa jioni hii. Mifune alikuwa fundi wa mwili. Kile kinachoonekana kama mlipuko kilikuwa kimepimwa.

Tuanze na hesabu. Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye kamera fremu 24 kwa sekunde, na futi moja ya mkanda huo ina fremu 16. Akira Kurosawa, mwongozaji aliyepiga naye filamu 16, aliandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba mwigizaji wa kawaida wa Japani alihitaji futi 10 za mkanda ili jambo moja la moyoni limfikie mtazamaji, lakini Mifune alihitaji futi 3. Pigeni hesabu wenyewe. Futi 10 ni karibu sekunde 7. Futi 3 ni sekunde 2.

Hizo sekunde 5 zilizobaki huwa zinakwenda wapi? Mtazameni mwigizaji yeyote asiyejiamini anapopewa habari mbaya katika onyesho. Kwanza anavuta pumzi ili tujue kwamba kuna jambo linakuja. Kisha anageuza uso. Kisha anafanya kile alichokusudia, iwe ni kushtuka au kulia. Halafu anakishikilia, asiwe na hakika kama tumeona. Hatua nne, na mbili kati yake, ya kwanza na ya mwisho, hazina kazi yoyote ila kumtuliza mwigizaji mwenyewe. Mifune aliziondoa. Habari ikimfika, mwili wake unakuwa umeshabadilika kabla hatujajiandaa, na sisi ndio tunaoachwa tukimkimbilia.

Hapa ndipo wanaomwiga huharibu. Wanaona kasi, basi wanaharakisha kila kitu: maneno, mwendo, hata kusikiliza. Matokeo yake ni papara. Mifune aliharakisha mpito tu, yaani ile nafasi kati ya hali moja na nyingine. Akishafika upande wa pili alitulia, na aliweza kutulia kwa muda mrefu sana. Katika Tengoku to jigoku, yaani Pepo na Jahanamu, ya mwaka 1963, karibu saa nzima ya kwanza inapita ndani ya sebule moja juu ya kilima cha Yokohama. Mifune ni Gondo, bwana mkubwa wa kampuni ya viatu. Mtekaji nyara alimlenga mtoto wake, akamchukua kimakosa mtoto wa dereva wake, naye anadaiwa yen milioni 30. Muda mwingi amesimama tu, mara nyingine ametupa mgongo. Mgongo ule unasema.

Na katika filamu hiyo hiyo kuna onyesho ambalo ningemshauri kila mwigizaji alitazame mara nyingi. Polisi wanataka kuficha vidonge ndani ya mikoba ya fedha: kimoja kikilowa kinatoa harufu mbaya, kingine kikiungua kinatoa moshi wa rangi ya waridi. Gondo anachukua sanduku lake la zamani la vifaa vya ushonaji viatu, anakaa sakafuni na kuanza kukata ngozi mwenyewe. Ghafla yule tajiri hayupo tena. Mabega yameshuka, vidole vimekuwa vya fundi, macho yako karibu na kazi. Hakuna mtu aliyetuhutubia kwamba bwana huyu alianzia chini. Mikono imesema, na polisi waliosimama pembeni wameona, nasi tumeona pamoja nao.

Alifikaje hapo? Wazazi wake walikuwa Wajapani, lakini alizaliwa Qingdao nchini China, akakulia Dalian. Baba yake alikuwa na biashara ya picha, na Mifune alifanya kazi humo tangu ujana. Mwaka 1940 aliandikishwa jeshini, akapelekwa kitengo cha picha za angani. Kwa hiyo vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa na ujuzi mmoja tu wa kumlisha, nao ni ujuzi wa mtu wa nyuma ya kamera. Mwaka 1946 alipeleka maombi studio ya Toho, Tokyo, akitaka kuwa msaidizi wa mpiga picha. Maombi yake yakaishia kwenye usaili wa sura mpya, ambako watu wapatao 4,000 walikuwa wanagombea nafasi chache za uigizaji.

Kurosawa ameeleza vizuri kilichotokea siku ile. Mwigizaji Hideko Takamine alimwita aje kuona kijana mmoja wa ajabu. Alipofungua mlango alimkuta Mifune anazunguka chumbani kwa ghadhabu kama mnyama aliyenaswa, kwani ndivyo alivyoombwa aigize. Alipomaliza alijitupa kwenye kiti na kuwatazama majaji kwa macho makali. Majaji wengi waliona ni utovu wa adabu. Kurosawa alitambua nyuma yake haya iliyojificha. Kura zilimkataa, na aliponea chupuchupu kwa sababu mwongozaji mkongwe Kajiro Yamamoto alisimama kumdhamini. Miezi michache baadaye mgomo mkubwa ukaigawa Toho, na nyota wake 10 wakaondoka kwa pamoja. Pengo hilo ndilo lililowafungulia njia wapya. Filamu ya kwanza ya Mifune ilitoka mwaka 1947, akiwa mmoja wa majambazi watatu wanaokimbilia milima ya theluji. Senkichi Taniguchi ndiye aliyeiongoza, na Kurosawa aliandika mswada.

Hakuwahi kupita katika shule ya jukwaa. Kwa maoni yangu hilo lilimfaa, maana jukwaani mwigizaji hufundishwa kumfikia mtu aliyekaa safu ya mwisho, na kamera haikai safu ya mwisho. Tena alijua lenzi inavyofanya kazi. Mtu aliyeshika picha mikononi miaka mingi anajua kwamba kinachotoka kwenye karatasi si kile kilichohisiwa na aliyepigwa picha.

Mwaka 1948 ikaja Yoidore tenshi, Malaika Mlevi, filamu yake ya kwanza na Kurosawa. Mhusika mkuu alikusudiwa kuwa daktari mlevi, aliyechezwa na Takashi Shimura. Mifune ni Matsunaga, kijana wa genge la yakuza mwenye kifua kikuu. Kurosawa alikiri baadaye kwamba Mifune alimshinda nguvu, na hakutaka kumfunga kamba. Angalieni jinsi ugonjwa unavyoingia: haanzi kwa kukohoa. Anaanza kwa kuwa mkali zaidi, kucheza dansi kwa nguvu zaidi, kunywa zaidi. Ni mtu anayeukataa mwili wake. Kikohozi kinakuja baadaye, na kikija tumeshajua kwa nini kinamtia hofu.

Sasa nije kwenye njia yake ya kutumia wanyama. Kabla ya kupiga Rashomon ya mwaka 1950, Kurosawa na kundi lake walikuwa Kyoto wakisubiri seti ikamilike, wakawa wanatazama mikanda ya milimita 16 kujipumzisha. Mmojawapo ulikuwa wa Martin Johnson, Mmarekani aliyezunguka na mkewe Osa miaka ya 1920 akipiga picha za wanyamapori, na ambaye simba wake wengi aliwapata huku kwetu, Kenya na Tanganyika. Kurosawa alipomwona simba akizurura kwenye mkanda ule alimwambia Mifune: huyo ndiye ninayemtaka. Jambazi Tajomaru akazaliwa hivyo.

Ukimtazama Tajomaru hutamwona mtu anayejifanya simba. Hatembei kwa mikono na miguu, wala hatoi makucha. Alichochukua Mifune ni vitu vitatu. Cha kwanza ni uvivu: amelala chini ya mti, mwili wote umelegea, anajikuna na kupiga wadudu. Cha pili ni jicho: linatangulia kuamka huku mwili bado umelala. Cha tatu ni kwamba hakuna hatua ya katikati kati ya kulala na kuruka. Anayetaka kujaribu njia hii achague mnyama, amtazame mpaka apate tabia mbili au tatu za namna hiyo za uzito na mdundo, kisha asahau sura ya mnyama kabisa. Anayebaki na sura hubaki na mchezo wa watoto. Filamu ile ilichukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, mwaka 1951, na kuanzia hapo dunia ikaijua sinema ya Japani.

Katika Yojimbo ya mwaka 1961 mnyama ni mwingine. Kurosawa alimtaka awe kama mbwa, au mbwamwitu, na Tatsuya Nakadai, mpinzani wake, awe kama nyoka. Mifune akaja na lile tikisiko la mabega, kama mtu ambaye viroboto vinamsumbua ndani ya kimono. Limekuwa maarufu mno kiasi kwamba watu husahau kazi yake. Ronini huyu, yaani samurai asiye na bwana, ni maskini, halali pazuri, nguo zake hazifuliwi, na filamu haina nafasi ya kutuonyesha umaskini huo. Bega moja linamaliza habari. Anayeweka tikisiko katika uhusika wake ajiulize linajibu swali gani. Likiwa halijibu chochote, mtazamaji ataliona mara ya pili na kuchoka mara ya tatu.

Kuhusu Samurai Saba, Shichinin no samurai ya mwaka 1954, nitaongea kidogo zaidi kwa sababu ndiyo inayoeleza vizuri uhusiano wa vifaa na mwili. Mwanzoni Mifune alipangiwa Kyuzo, yule bingwa mkimya wa upanga. Mswada ulipokuwa unaandikwa waandishi wakaona samurai sita wenye adabu zao watachosha, wakamwongeza Kikuchiyo, mtoto wa mkulima anayejidai samurai, na Kyuzo akachezwa na Seiji Miyaguchi. Kikuchiyo anabeba upanga mrefu kupita wa wenzake wote. Upanga wa kawaida huchomekwa ubavuni, na ukikaa hapo unamlazimisha mtu atembee kwa kiuno kilichotulia. Huu haukai hapo, basi anauweka begani, na ukishakuwa begani mwendo mzima unabadilika: kifua kinatoka, miguu inatanuka, na kila anapogeuka anakaribia kumgonga mtu. Uongo wa Kikuchiyo umeandikwa kwenye kifaa kabla hajafungua mdomo.

Kisha linakuja onyesho la mavazi ya vita. Kikuchiyo amegundua kwamba wanakijiji wameficha zana walizowavua samurai waliowaua. Samurai wenzake wanakasirika. Anawajibu, anawatukana wakulima kwa ujanja wao wote, halafu anageuka: ni nani aliyewafanya hivyo, kama si ninyi samurai mnaochoma vijiji vyao? Sauti inakatika, naye tayari amejifichua. Sekunde 2 zile za mpito ziko hapo, dhahiri kabisa. Na upigaji ulikuwa wa mateso. Siku za kupiga picha zilifika 148, zikitapakaa karibu mwaka mzima, na vita vya mwisho kwenye mvua na matope vilipigwa mwezi Februari, baridi kali, Mifune akiwa nusu uchi miguuni. Kurosawa alitumia kamera kadhaa kwa pamoja na lenzi ndefu, maana yake mwigizaji hajui ni ipi inayomtazama. Asiyejua kamera iko wapi hana budi kuigiza kwa mwili mzima, mbele na nyuma.

Kumonosu-jo ya mwaka 1957 ni Macbeth ya Shakespeare iliyohamishiwa Japani ya vita vya mabwana. Kurosawa alimwonyesha Mifune kinyago cha Noh, tamthilia ya jadi ya Kijapani, kinachoitwa Heida, kinyago cha shujaa, akamtaka auchukue uso ule: macho yaliyotoka, mdomo uliokazwa. Lakini watu hukumbuka mwisho wake, mishale. Wapiga mishale stadi walipiga mishale ya kweli kwenye kuta za mbao zilizomzunguka. Chini ya mavazi alivaa mbao za kumkinga. Lenzi ndefu ilibana umbali, hivyo mishale ikaonekana karibu zaidi ya ilivyokuwa. Na ile mikono anayoipunga kama mtu aliyepagawa ilikuwa na kazi nyingine: iliwaonyesha wapiga mishale anaelekea upande gani. Mshale wa shingoni ni hila, lakini hofu usoni si ya kubuni yote. Nasema wazi kwamba studio isiyo na mafundi wa kiwango kile isithubutu. Mtu akikosea hatua moja kando, ubao wa kifuani haumsaidii machoni.

Upanga nao una siri zake. Waigizaji wa zamani wa filamu za samurai walipigana kwa mpangilio ulioegemea jukwaa la kabuki, tamthilia nyingine ya jadi ya Japani: adui mmoja anakuja, anakatwa, mwingine anangoja zamu. Kurosawa na mwalimu wa mapigano Ryu Kuze walitaka upanga uchoshe. Upanga halisi wa chuma una uzito wa kilo moja na ushei, na wa filamu huwa wa mianzi iliyofunikwa karatasi ya rangi ya fedha au wa madini mepesi. Hatari yake ni kwamba ukishika kitu chepesi mwili husahau uzito, na pigo huonekana la fimbo. Mifune alirudisha uzito kwa kiuno na pumzi: anashusha nyonga kabla ya pigo, na baada ya kundi la mapigo anahema kweli.

Pambano la mwisho la Tsubaki Sanjuro, mwaka 1962, linadumu kufumba na kufumbua. Yeye na Nakadai wanasimama karibu sana, kimya, muda mrefu. Wako karibu mno kuchomoa upanga kwa mkono wa kulia kama kawaida, kwa hiyo Mifune anachomoa kwa mkono wa kushoto, kiganja kikiwa kinyume, na kusukuma upanga kwa mkono wa kulia. Bomba la damu lililofichwa kwenye nguo za Nakadai likatoka kwa shinikizo kubwa kuliko ilivyotarajiwa, karibu limwangushe. Hawakurudia. Ndilo mnaloliona.

Niwaombe pia msimfunge Mifune kwa Kurosawa peke yake. Kwa Hiroshi Inagaki alicheza Musashi Miyamoto katika filamu tatu, 1954 hadi 1956, na ya kwanza ikapata tuzo ya heshima ya Oscar. Kwa Inagaki huyo huyo, mwaka 1958, alikuwa mvuta riksho asiyejua kusoma anayempenda mjane kimyakimya, na filamu ikachukua Simba wa Dhahabu. Kwa Kenji Mizoguchi mwaka 1952 aliingia dakika chache tu, na kwa Masaki Kobayashi mwaka 1967 alicheza mtumishi mtiifu anayeasi kwa ajili ya mkwe wake, kazi ninayoiweka bega kwa bega na bora zake zote.

Nje ya Japani mambo hayakwenda sawa, na sababu yake inafundisha. Mwaka 1961 alikwenda Mexico kucheza mkulima wa Oaxaca, akakariri mistari yake yote kwa Kihispania. Mwishowe sauti ikawekwa ya mtu mwingine. Marekani vilevile: katika filamu ya mwaka 1976 ambamo alikuwa Admirali Yamamoto, sauti ni ya Paul Frees. Mwigizaji ambaye pumzi, mguno na neno ni kitu kimoja ukimtoa sauti, midundo ya mwili inabaki haina mwenyewe. Mchezo wa televisheni wa mwaka 1980, Shogun, ambamo alikuwa bwana Toranaga, ulimwacha aseme Kijapani, na mnaona tofauti papo hapo.

Kuvunjika kwa ushirikiano wake na Kurosawa kulikuja na Akahige, Ndevu Nyekundu, iliyotoka mwaka 1965. Upigaji ulivuka mwaka mzima. Ndevu zilikuwa zake mwenyewe, basi muda wote huo hakuweza kuchukua kazi nyingine. Na tayari alikuwa ameanzisha kampuni yake ya utayarishaji, yenye wafanyakazi wa kulipwa kila mwezi; mwaka 1963 ilikuwa imetoa filamu pekee aliyoiongoza yeye mwenyewe. Hakuna mtu anayehitaji ugomvi mkubwa kueleza kilichotokea. Mwongozaji anayechukua miaka miwili kwa filamu moja na mwigizaji mwenye mishahara ya kulipa hawawezi kuendelea pamoja. Hawakufanya kazi tena. Mifune alichukua filamu za nje na tamthilia za samurai za televisheni ili studio yake ipumue, na mwaka 1979 kundi kubwa la wasanii wake likaondoka kwa pamoja. Nafasi nyingi za miaka ile hazikumstahili, na inauma kuzitazama. Filamu ya mwisho ilitoka mwaka 1995.

Mkitaka kumsoma kwa utaratibu, anzeni na Rashomon, dakika 88, na mtazame onyesho la kwanza la Tajomaru bila sauti. Fuateni Ikimono no kiroku ya mwaka 1955, ambamo akiwa na miaka 35 anacheza mzee wa karibu 70 anayeogopa bomu la haidrojeni. Wengi wakiigiza uzee huanza kutetemesha mikono. Yeye kampa mzee nguvu na haraka nyingi, upepeo mkononi hautulii, na ni mgongo pekee unaokataa. Kisha Yojimbo, kisha Pepo na Jahanamu. Samurai Saba iwekeni siku ambayo hamna haraka, na hakikisheni nakala ni ya dakika 207. Nakala zilizosafirishwa nje miaka ya 1950 zilikatwa vibaya, nazo bado zinazunguka. Mkiona ya saa mbili na nusu na kidogo, irudisheni mlikoitoa mtafute nyingine.

Asanteni. Maswali yakaribishwe.